Gololi ya Mia Tano

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya Tukuyu nilikuta wanaume wamezunguka kitu kilichofunikwa turubai, nikadhani kumetokea ajali. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka, nami nimevaa ovaroli ya chuo iliyonipwaya mpaka viganjani. Nilisalimia mara mbili. Hakuna aliyegeuka. Ndipo Mkuu wa Karakana akalivuta turubai, na kwa mara ya kwanza nikaiona pikipiki tuliyokuja kuiita Mia Tano, kwa ukubwa wa injini yake.

Sikuipenda. Naanza na hilo ili ninyi vijana wa bodaboda mnaonisoma msije mkadhani nitaisifia bure. Nilikuwa nimefunzwa malori na matrekta, na kwenye akili yangu injini inayochemka lazima iwe na maji na rejeta ya kuyapoza. Hii haikuwa na rejeta. Ilikuwa na silinda moja nene iliyosimama wima, na nje ya silinda ile mapezi ya chuma yamepangwa juu hadi chini. Mkuu akasema mapezi yale ndiyo rejeta yake: upepo unapita katikati, unabeba joto, basi. Nikamuuliza itakuwaje ikisimama na upepo usipite. Akawauliza wenzangu huyu binti ametumwa na nani.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mradi wa afya ambao sitautaja, kwa kuwa umefungwa na waliobaki hawataki kusemwa. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha chanjo zinafika vijijini zikiwa bado za baridi. Magari yalikuwa machache na njia za kwenda Lupepo, Ikuti na kwingineko zilikuwa za utelezi, kwa hiyo mradi ukaagiza pikipiki kubwa kutoka Japani zinazoweza kubeba mtu na kisanduku cha chanjo kupanda milima bila kukoroma. Kitabu cha maelezo cha ile ya kwanza hakikufika. Tuliambiwa kimepotea bandarini. Mimi naamini kuna mtu alikichukua, ingawa mpaka leo sijui angekifanyia nini.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzito, aliyekulia kwenye malori ya majani ya chai. Alikuwa fundi kweli, simnyimi haki yake. Kanuni yake kubwa alitutamkisha kila mmoja wetu siku ya kwanza kama watoto wa kipaimara: oili hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi, chombo kikiwa mahali tambarare. Na ni kanuni sahihi. Kwenye lori oili yote hukaa chini, kwenye tumbo la injini. Ukizima, ile iliyopanda juu hushuka taratibu, na asubuhi yote imetulia mahali pamoja. Unachomoa kijiti cha kupimia, unafuta, unarudisha, unachomoa tena na kusoma. Kila chombo kwenye uwanja wetu kilipimwa hivyo, na hakuna kilichowahi kutudanganya.

Mia Tano ilikuwa na mambo yake. Kwanza, kiki. Silinda moja kubwa namna ile ina mgandamizo wa kutisha, na ukipiga kiki bila utaratibu inakurudishia mguu. Kulikuwa na mkono mdogo kwenye usukani wa kuiachia pumzi: unaubana, unashusha kiki polepole mpaka pistoni ivuke kilele chake, unauachia, ndipo unapiga. Mratibu wa Chanjo, kijana mrefu aliyeletwa kutoka Mara, alidharau utaratibu huo wiki ya kwanza na akachechemea wiki ya pili. Jambo lingine lilikuwa oili. Haikukaa tumboni mwa injini. Ilikaa ndani ya fremu. Bomba nene lile la mbele, linaloshuka kutoka shingo ya usukani, ndilo lilikuwa tenki lake. Pampu iliivuta oili kutoka kwenye fremu kuipeleka injini, na pampu nyingine ikairudisha juu. Wajapani walifanya hivyo ili bomba nalo lipigwe na upepo na oili ipoe. Sisi tulilielewa hilo, tukalisifu, tukaendelea kuipima asubuhi ikiwa baridi.

Miaka ile oili haikupatikana ovyo. Ilifungiwa stoo kwa kufuli mbili, na funguo zote alikuwa nazo Mkuu. Kwa hiyo asubuhi moja, mwishoni mwa masika, kijiti cha Mia Tano kilipotoka kikavu karibu chote, karakana nzima iliacha kazi ikaizunguka. Tukaangalia sakafu chini yake. Hakuna hata tone. Tukaangalia bomba la ekzosi, halikuwa na masizi ya kutisha. Mkuu akafungua kufuli zake mbili, akaongeza oili mpaka alama ya juu. Siku iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata.

Mratibu akarudi safari moja analalamika kwamba mguu wa suruali umelowa oili iliyotoka kwenye mpira wa kupumulia wa injini. Mkuu akalitafsiri hilo papo hapo: oili inaibwa usiku, na mwizi anafanya kwa haraka, anamwaga ovyo, hafungi vizuri. Tukakubali wote. Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinamletea ushahidi.

Aliyekuwa anabaki uwanjani tukishaondoka alikuwa mmoja tu, Mzee Ambokile, mlinzi. Alikuwa mtu wa Lufingo, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mpole, mzee wa kanisa kule kwao, mwenye koti refu la mvua ambalo pindo lake lilikuwa jeusi kwa grisi kwa sababu alizoea kutusaidia kusukuma magari. Koti lile likawa shahidi. Ikasemwa kwamba mwenye mashine ya kusaga kule Ikuti siku hizi anatumia oili safi, na Ambokile alionekana akipita huko. Nani alimwona, hatukuambiwa.

Mkuu alimwita mbele yetu sote. Akamwambia kwamba oili ikiendelea kupotea, mwisho wa mwezi arudi kwao Lufingo akalime ndizi. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kofia. Kabla hata hajafika kwake siku hiyo, habari ilishamtangulia, na Jumapili kanisani wenzake wakamwambia apumzike kwanza uzee wa kanisa mpaka jambo lijulikane. Pale mbele kulikuwa na benchi la wazee. Alikuwa amelikalia tangu ujana wake wa ndoa. Jumapili ile alikaa nyuma, karibu na mlango.

Mniulize mimi nilimshuku nani. Niliwashuku wote. Nilimshuku Ambokile kwa sababu ndiye aliyekuwepo, nilimshuku Mratibu kwa sababu ndiye aliyetoka nayo, na nilimshuku Mkuu kwa sababu ndiye mwenye funguo. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa. Fundi asiyeshuku ni hatari barabarani. Nati iliyokazwa na mwenzangu huwa naikaza tena, hata mwenzangu akinuna.

Shaka yangu ilipotua kwa Mratibu, niliamua kumvizia. Niliwaza: huyu anaondoka asubuhi oili imejaa, kesho yake haipo, na katikati kuna njia ndefu ya Ikuti yenye mashine za kusaga. Basi siku hiyo alipoingia uwanjani mchana na kuizima, kabla hajavua kofia ngumu, mimi nilishafungua kifuniko cha oili cha shingoni mwa fremu. Mapezi yalikuwa bado yanalia tik, tik, kwa joto. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu.

Nilikaa pale nimeshika kijiti kama nimeshika nyoka. Asubuhi tulikuwa tumeijaza mpaka alama. Sasa imezidi. Nikamtazama Mratibu, naye akanitazama. Kichwani mwangu kikaja kitu kimoja tu: mwizi ameingiwa na woga, ameanza kurudisha. Nikaenda kumwambia Mkuu. Mkuu akaja, akapima mwenyewe, kisha akanigeukia mimi.

"Umeongeza wewe," alisema. "Unamlinda mzee wenu."

Alisema "wenu" kwa sababu mimi na Ambokile ni Wanyakyusa na yeye alitoka mbali. Nikamwambia kama hatuaminiani kiasi hicho, basi pikipiki isimame pale katikati ya uwanja na sote tukae tuitazame. Nilisema kwa hasira tu. Yeye akalichukua kama neno la maana.

Ndivyo tulivyofanya. Nimefanya kazi nyingi maishani mwangu lakini sijawahi kufanya nyingine ya kijinga namna ile. Tulileta viti na makreti, tukaizunguka Mia Tano mchana kweupe, Mkuu, Mratibu, mimi, na Mzee Ambokile ambaye aliitwa kutoka kwenye kibanda chake na kukalishwa kama mshitakiwa. Mafundi wengine walijifanya wanafanya kazi huku wanachungulia. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka peke yake. Mratibu alipotaka kwenda msalani, Mkuu alimsindikiza, na mimi nikabaki nawalinda pikipiki na mzee, na mzee akabaki ananilinda mimi. Mama wa chai alituletea chai na ndizi za kuchemsha, akatuuliza tunamsubiri nani.

Baada ya muda Mkuu akainuka, akapima. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya juu. Akafuta kijiti, akapima tena. Akakaa. Tukanywa chai iliyopoa. Mawingu yakashuka kutoka mlimani yakapita juu ya mabati. Akapima tena. Ilikuwa imeshuka zaidi, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeigusa.

Mkuu alitazama chini ya pikipiki, sakafu kavu. Alitazama mikono yetu. Nilimwona anatafuta wa kumshuku na hampati. Mzee Ambokile ndiye aliyefungua mdomo. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwetu.

"Mmekaa nami hapa," alisema. "Sijanyanyuka. Basi mwizi yuko humo ndani yake."

Kisha akaninyooshea mimi mkono na kuniomba nifungue chini. Nikaweka karai chini ya tumbo la injini, nikalegeza nati ya kumwagia. Ilitoka oili ambayo haikupaswa kuwa pale, nyingi, safi, ya mradi, ile iliyotoka kwenye stoo ya kufuli mbili. Iliendelea kutoka mpaka Mratibu akaenda kuleta karai la pili bila kusindikizwa.

Kesho yake tukafungua ubavu wa injini. Kwenye njia ya oili inayotoka kwenye fremu kulikuwa na gololi ndogo ya chuma na springi nyuma yake. Injini ikizunguka, pampu inaisukuma gololi na oili inapita. Injini ikizima, springi inairudisha, inaziba, oili inabaki juu. Gololi yetu ilikuwa imeliwa upande mmoja, haizibi. Kila ikilala, Mia Tano ilimeza oili yake polepole ikaishusha tumboni, na sisi kila asubuhi tukaipima kama lori, tukaona fremu tupu, tukaijazia nyingine juu yake. Ikiwaka, pampu inaipandisha yote, inazidi, inatafuta pa kutokea, inamlowesha Mratibu. Pikipiki ya namna ile ilitakiwa kupimwa ikiwa ya moto, dakika zilezile za kuizima. Kanuni yetu nzuri ya asubuhi ndiyo iliyotengeneza mwizi.

Nilitafuta gololi ya ukubwa uleule kwenye beringi chakavu, nikaiweka, ikaziba. Ile iliyoliwa nikaitia kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando. Sikuwa na sababu ya maana. Kitu kilichonidanganya huwa sikitupi, naweza kukihitaji.

Mkuu wa Karakana hakuomba radhi. Alisimama mlangoni akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo pikipiki hiyo itapimwa ikiwa ya moto, na kila fundi alitamke hilo, tukalitamka. Kisha akamwambia Mzee Ambokile aendelee na kazi.

"Nitaendelea," mzee akajibu. "Ila hiyo sitaigusa tena."

Na hakuigusa. Kila alipopita karibu na Mia Tano alipeleka mikono nyuma na kuifumbata mgongoni, wazi, ili anayetaka kuona aone. Hata mvua ikinyesha na tukiwa tunaisukuma ndani, alisimama pembeni mikono nyuma. Mwanzoni tulitania. Baadaye hakuna aliyetania tena.

Kule Lufingo mambo hayakunyooka. Mkuu aliahidi kwenda kuwaeleza wazee wa kanisa, akahamishwa kabla hajaenda, na sijui kama angeenda. Nikaenda mimi. Walinipokea vizuri, wakanipa maziwa mgando na kiti. Nikawaeleza fremu, pampu, gololi, springi. Walisikiliza mpaka mwisho. Aliyekuwa mkubwa wao, Mzee Asajile, shemeji yake Ambokile, akafuta midomo, akasema neno ambalo sijalisahau.

"Fundi, mimi nafuga ng'ombe. Maziwa niliyoacha jioni nikiyakuta asubuhi yamepungua, siulizi kibuyu."

Wenzake wakacheka kwa adabu. Kwao oili haikuwa na miguu, na binti mwenye ovaroli aliyetoka kabila moja na mshukiwa hakuwa shahidi. Hawakumfukuza Ambokile kanisani, hawakumsema tena. Ila hakuna aliyemwambia rudi mbele. Aliendelea kukaa karibu na mlango, mwaka baada ya mwaka, na kazini alilinda uwanja wetu mpaka alipostaafu kwa umri.

Mimi niliendelea na ukoo wa zile pikipiki. Baada ya Mia Tano ikaja Mia Tano na Hamsini. Silinda moja ileile ya mapezi, lakini sasa valvu nne badala ya mbili, na kabureta mbili, moja inafanya kazi mwendo mdogo na ya pili inaamka ukivuta zaidi. Nyuma ilikuwa na shokapu moja tu badala ya mbili, imejificha katikati. Niliishuku shokapu ile mwezi mzima, nikiikalia na kuinesanesa kila asubuhi kama nipo kwenye kitanda cha dukani. Ikawa nzuri kuliko zile mbili.

Kisha nikahamishiwa Mbeya kwa muda, na huko ndiko nilikokutana na Mia Sita. Oili walikuwa wameihamisha, sasa inakaa kwenye tenki lake la pembeni. Breki ya mbele ikawa ya diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, badala ya ile ya dramu iliyokuwa ikijaa maji kwenye vivuko na kukuacha unaomba. Umeme ukawa wa betri kubwa zaidi, taa zikaonekana ni taa. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulifuata bomba la oili kutoka tenki hadi injini kutafuta gololi iko wapi. Meneja Usafiri, mtu wa suruali za kupigwa pasi, akaniuliza natafuta nini kwenye kitu kipya kabisa. Nikamwambia namtafuta mwizi. Akadhani natania.

Zilizofuata zikaja na stata ya kitufe. Unabonyeza kwa kidole, inawaka. Madereva walishangilia, miguu yao imepona. Mimi nilimuuliza Meneja betri ikifa Lupepo kwenye tope itakuwaje, kwa kuwa kiki nilikuwa naiona inazidi kuwa ndogo na siku moja itaondolewa. Akasema mimi napenda kuona ubaya. Toleo la mbele yake likaja halina kiki kabisa, na betri ya kwanza ikafa huko Lupepo kwenye tope. Dereva akaisukuma kuteremka nayo mpaka ikawaka. Nilimwangalia tu Meneja alipokuwa anapita.

Halafu, karibu na mwisho wa kazi yangu, ikaletwa mpya yenye rejeta. Maji, mipira, feni, kila kitu. Mapezi yameondoka. Walisema sheria za moshi huko nje zimebadilika na injini ya upepo haiwezi tena kuzitimiza. Nilisimama mbele ya rejeta ile na kugundua kuwa siiamini, mimi niliyeanza kwa kulalamika kwamba haipo. Mpira mmoja ukipasuka Ikuti, upepo hautakusaidia. Nimezeeka na pikipiki hizi na katika safari yote hiyo nilichobadilisha ni upande wa kushuku tu.

Siku ya kuniaga, nikiwa nimesharudi Tukuyu, walichinja, wakaimba, wakanifunga vitenge viwili mabegani. Kisha Mkuu mpya, kijana wa heshima, akavuta turubai kona ya karakana, na ilikuwa ni yeye. Mia Tano ya kwanza. Ilikuwa imesimama miaka mingi huko nyuma na mafundi walikuwa wameifufua kwa siri. Watu wakapiga vigelegele. Mimi niliizunguka kwanza. Nikafungua kifuniko cha shingoni, nikanusa. Nikauliza kwa nini wananipa, ina kasoro gani. Wakacheka wote, na mimi nikalia, kwa kuwa sikuwa nimetegemea.

Nilikaa nayo nyumbani muda kidogo bila kujua naifanyia nini. Mwanamke wa umri wangu hahitaji pikipiki ya kuvunja miguu. Ndipo nikasikia Mzee Ambokile anaumwa magoti, hatoki tena kwenda mbali, na Mzee Asajile bado yupo, wote wawili wazee sana sasa, nyumba zao zinatazamana migombani. Nikatoa kopo la mafuta ya mgando kabatini. Gololi ilikuwemo.

Mnaojua ufundi mtanicheka. Maisha yangu yote nimeondoa vipuri vibovu na kuweka vizima. Siku ile nilifungua ubavu wa Mia Tano, nikatoa gololi nzima, nikarudisha ile iliyoliwa. Nikaifunga vizuri, nikakaza nati mara mbili.

Jumapili baada ya ibada nikaipanda kwenda Lufingo. Mlima wote iliunguruma vilevile kama zamani, watoto wakakimbia pembeni. Niliizima uwanjani kwa Ambokile ikiwa ya moto, nikamwamkia, "Mwagonile, tata," akaitikia kutoka kwenye kiti chake. Alipoitambua pikipiki, mikono yake ikaenda nyuma yenyewe.

Nikamtuma mjukuu wake amwite Mzee Asajile na wazee wengine waliokuwa wametoka kanisani. Wakaja na fimbo zao, wakakaa kwenye benchi refu la kivulini. Nikamwomba Asajile apime mwenyewe. Nikamwonyesha alama. Oili ilikuwa juu kabisa. Nikamwambia sasa tukae. Ndizi zikaja, maziwa yakaja, mazungumzo yakaenda kwenye bei ya chai na misiba ya karibuni, na hakuna aliyeisogelea pikipiki, kwa sababu niliwaomba waitazame kama wanavyotazama ng'ombe wanayetaka kumnunua.

Jua lilipoegemea, nikamwomba Asajile apime tena. Macho yake hayaoni vizuri, akainama mpaka pua ikagusa kijiti. Akafuta kwa kitambaa chake, akarudisha, akachomoa. Kijiti kilikuwa kikavu karibu chote. Akaangalia chini, majani makavu. Akaangalia benchi zima. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, kwa jicho lilelile ninaloangalia nalo nati ya mtu mwingine.

"Fundi," alisema, "hapa hakuna ujanja?"

"Umekaa hapa muda wote, baba," nikamjibu.

Akaendelea kunitazama. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi pia nisingejiamini. Mwishowe alirudi kwenye benchi, akawagusa waliokaa mwanzo kwa fimbo wasogee, wakasogea, na pakabaki nafasi mbele, upande wake wa kulia. Alipiga tu ule ubao kwa kiganja.

Mzee Ambokile alisimama kwa shida. Tulidhani anakwenda kukaa. Alipita benchi, akaja mpaka kwenye Mia Tano, akaitoa mikono yake mgongoni, akaiweka yote miwili juu ya mapezi.

"Imepoa," alisema.

Ndipo akaenda kukaa.